Kuingia kwa Kiingilio, Kutoka kwa Hesabu: Habari za Notisi na Malipo ya Mwisho katika Vyama



Katika taarifa ya kila mwaka ni desturi kusoma kwanza hesabu ya fedha zilizoingia, kisha hesabu ya fedha zilizotoka, na mwishowe majina ya wenzetu waliofariki dunia. Lakini liko jambo moja ambalo hupita kimya kati ya kurasa hizo, nalo ni habari ya mwanachama aliyeondoka akiwa hai. Huyu hakufa, wala hakufukuzwa. Ameamua tu kwamba hataki tena kuwa mmoja wetu, au amehamia mbali, au ada imemshinda. Je, atoe taarifa ya muda gani kabla ya kutoka? Adaiwe nini? Arudishiwe nini? Na nyumba yake ikipatwa na msiba mwezi ule ule aliotoka, nani atakayebeba mzigo?

Maswali haya si mageni, na kila yaulizwapo majibu hugawanyika. Wako wasemao: aliyetoka ametoka, asipewe hata senti moja. Wako wasemao: fedha ni zake, na arudishiwe zote tangu shilingi ya kwanza. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli, na kwamba historia ya nchi hizi, hasa ya mpaka wetu wa Busia na Malaba, yaweza kutufundisha nusu iliyobaki. Kwa hiyo tumeandika kurasa hizi ili kila tawi lizisome na kuzitafakari kabla halijatoa shauri lake.

VYAMA VILIVYOZALIWA NA SAFARI

Watu wa Khunyangu na majirani zao mpaka Busia na Malaba, wawe Wamarachi, Wakhayo, Wasamia, Wanyala au Wateso, ni watu wa njia panda. Hata mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa upande ambao leo waitwa Kenya, na jamaa za ukoo mmoja wakajikuta ng'ambo mbili za mpaka. Baadaye ikaja reli iliyotoka Nakuru na Eldoret, ikapita Malaba na Tororo, nayo ikafika Kampala mwaka 1931. Basi vijana wakafuata kazi mahali kazi ilipokuwa: wengine Jinja na Kampala, wengine Nairobi na Mombasa.

Huko mjini kijana alipata mshahara, lakini hakupata ukoo. Akiugua, hakuna shangazi wa kumpikia uji. Akifa, hakuna wajomba wa kumchimbia kaburi, na kumrudisha nyumbani kulihitaji nauli ambayo mtu mmoja hakuweza kuitoa peke yake. Haja hiyo ndiyo iliyozaa vyama vya kusaidiana. Katika Nyanza fikira ya chama cha ustawi ilikuwa imekwisha kupata jina tangu mwaka 1923, wakati Archdeacon Walter Owen wa misheni ya Kianglikana aliposaidia kukigeuza chama cha Young Kavirondo Association, kilichoanza mwaka 1921, kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Jina lenyewe lilitaja hali njema ya walipa kodi. Na katika miji, watu wa sehemu moja walikusanyika siku za mapumziko, wakaandika majina katika daftari, wakatoa kiingilio na ada, wakachagua mwenyekiti, karani na mweka hazina.

Yafaa tuangalie jinsi madaftari ya namna hiyo yaandikwavyo hata leo. Ukurasa wa kwanza ni wa kuingia: jina, kijiji, tarehe, kiingilio. Kurasa zinazofuata ni za ada na misiba. Lakini mara nyingi ukurasa wa kutoka haupo. Sababu yake yaeleweka. Chama cha msiba hujengwa juu ya fikira kwamba mtu hutoka kwa kifo tu, na kuandika kanuni za kutoka huonekana kama kumwombea mwenzako aondoke. Hata hivyo watu huondoka, na pasipo kanuni kila kuondoka huwa kesi mpya.

SHERIA ZA NCHI ZASEMAJE

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba hakuna awezaye kumfunga mtu katika chama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 36, yampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake, na papo hapo yasema kwamba mtu asilazimishwe kujiunga na chama cho chote. Basi swali letu halihusu ruhusa ya kutoka. Ruhusa ipo. Swali ni namna ya kutoka.

Wengi wetu tumekwisha kuijua notisi makazini. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mfanyakazi alipwaye kwa mwezi hutoa au hupewa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa kama mkataba wake umeweka muda mrefu zaidi. Asiyetaka kungoja siku hizo hulipa fedha badala yake, awe ni tajiri au mfanyakazi. Hapa pana funzo: notisi ina thamani inayohesabika, kwa maana atakayebaki huutumia muda huo kutafuta mtu mwingine, naye atakayeondoka huutumia kutafuta mahali pengine.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina kanuni yake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mwanachama akimwarifu mwajiri kwa maandishi kuwa amejiuzulu katika chama, taarifa hiyo huanza kufanya kazi mwezi unaofuata ule alioitoa, na tangu hapo ada yake isikatwe tena katika mshahara. Hapa notisi ni fupi mno, na malipo ya mwisho ni ada ya mwezi ule uliobaki, basi.

Vyama vya ushirika vina desturi iliyo ndefu zaidi. Kenya ilipata sheria ya kwanza ya ushirika mwaka 1931, na nyingine mwaka 1945 iliyowafungulia Waafrika mlango kwa upana. Baada ya Uhuru ikaja sheria ya mwaka 1966, na kisha ile ya mwaka 1997. Ndani ya desturi hiyo mna mambo mawili ambayo kila karani yampasa kuyajua. La kwanza, mtu aliyetoka hawi huru siku ile ile na madeni ya chama yaliyokuwapo alipokuwa ndani. Wajibu wake juu ya madeni hayo huendelea kwa miaka 2 tangu siku aliyokoma kuwa mwanachama. La pili, chama kina haki ya kwanza juu ya hisa na akiba za mwanachama, hata aliyekwisha kutoka, na chaweza kukata humo kile anachodaiwa. Maana yake ni hii: hesabu ya kutoka husomwa kutoka pande zote mbili, na kinacholipwa ni tofauti iliyobaki.

Walimu, wakulima na wafanyabiashara wa pande zetu walio katika vyama vya akiba na mikopo wanaijua kanuni hii kwa matendo. Kanuni za vingi vya vyama hivyo hutaka notisi ya maandishi ya siku 60. Akiba ya mwanachama hurudishwa baada ya kukatwa mkopo uliosalia. Hisa zake katika mtaji wa chama hazirudishwi kwa fedha, bali aweza kumhamishia mwanachama mwingine. Na kama amemdhamini mwenzake, hapati akiba yake mpaka mdhamini mwingine apatikane au deni lile limalizwe. Watu hulalamika juu ya siku hizo 60, lakini fedha ya chama cha mikopo haikai sandukuni. Iko mikononi mwa wanachama wengine waliokopa, nayo hurudi kidogo kidogo. Kama wote wangetaka fedha zao asubuhi moja, yule wa kwanza angepata na yule wa mwisho angekuta sanduku tupu.

Hapo twaona kwamba neno “fedha zangu” lina maana zaidi ya moja. Akiba ni ya mwekaji. Hisa ni sehemu ya jengo. Huwezi kung'oa tofali lako na nyumba ikabaki imesimama. Ada ya msiba nayo ni kitu cha tatu. Ada ya mwezi wa Machi ilikwisha kufanya kazi yake mwezi wa Machi: ama ilimzika mtu, ama ilimlinda aliyeilipa, kwa kuwa kama angefiwa mwezi ule angesaidiwa. Kuidai irudi ni sawa na msafiri aliyefika salama kudai nauli yake kwa sababu gari halikuanguka.

NOTISI ISIYO NA HESABU

Historia ya mpaka wetu yatuonya vile vile kwamba notisi peke yake haitoshi. Mwishoni mwa mwaka 1970 serikali ya Uganda iliamua kwamba wafanyakazi wasio na ujuzi maalumu ambao si raia waondolewe kazini. Maelfu ya Wakenya, wengi wao wakiwa Waluhya na Wajaluo, walirudi nyumbani kutoka nchi waliyoifanyia kazi miaka mingi.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda, na muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Wengine walisafiri kwa ndege, na wengine wakapanda gari la moshi na kupita mpaka wa Malaba kuelekea Mombasa. Siku 90 ni nyingi kuliko siku 28 za mfanyakazi, na ni nyingi kuliko siku 60 za chama cha akiba. Lakini hiyo ilikuwa notisi isiyo na hesabu: maduka, nyumba na viwanda viliachwa nyuma bila malipo. Je, jambo likaisha? Halikuisha. Mali ile ikahitaji bodi maalumu ya kuisimamia, na mwaka 1982 Bunge la Uganda likapitisha sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zilizotwaliwa, kazi ambayo iliendelea miaka mingi baadaye. Deni la kuagana halifi kwa kunyamaziwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nasi twaongeza kwamba dawa hiyo huzidi uchungu kila mwaka upitao.

JUMUIYA ILIYOVUNJIKA BILA KUAGANA

Lakini mfano ulio mkubwa kupita yote ni ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, kwa maana hicho nacho kilikuwa chama, na wanachama wake walikuwa nchi tatu.

Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na reli za Tanganyika chini ya shirika moja. Posta na simu, forodha, ndege na utafiti navyo vikaendeshwa kwa pamoja. Baada ya Uhuru nchi hizo zilitia sahihi mkataba huko Kampala tarehe 6 Juni 1967, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Ili kila mwanachama aone faida, makao makuu yaligawanywa: Jumuiya yenyewe Arusha, reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu pamoja na Benki ya Maendeleo Kampala. Kwa mtu wa Malaba jambo hili lilionekana kwa macho. Behewa lililotoka Mombasa lilipita mpaka na kuendelea mpaka Kampala, likiwa mali ya shirika moja.

Nyufa zilianza mapema. Kila nchi ilisema kwamba nyingine yapata faida kubwa kuliko yenyewe. Baada ya Amin kutwaa serikali mwezi wa Januari 1971, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na baraza la marais watatu, lililokuwa ndicho kichwa cha Jumuiya, halikukutana tena. Wazee, hebu fikirini chama ambacho mwenyekiti, karani na mweka hazina wake hawakutani miaka sita! Fedha za makao makuu ya mashirika hazikupelekwa kwa ukamilifu, na kila mmoja akaanza kushika kilichokuwa karibu na mkono wake.

Mwezi wa Januari 1977 Kenya iliunda shirika lake la ndege. Mwezi wa Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mwaka wa hesabu ulipokwisha tarehe 30 Juni 1977 hapakuwa na bajeti mpya iliyokubaliwa, na Jumuiya ikakoma. Haikukoma kwa kuagana; ilikoma kama taa ikosayo mafuta. Ndege, meli, vichwa vya treni na mabehewa vilibaki palipovikuta. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikaa umefungwa mpaka mwezi wa Novemba 1983.

Ndipo kazi ya hesabu ilipoanza, ilhali ingalipaswa kutangulia. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, aliwekwa kuwa mpatanishi, naye akapita huku na huko kati ya serikali tatu akikadiria kila mali na kila deni. Miaka ikapita. Tarehe 14 Mei 1984, huko Arusha, marais Daniel arap Moi, Julius Nyerere na Milton Obote walitia sahihi Mkataba wa Upatanishi. Thamani iliyobaki iligawanywa hivi: Kenya sehemu 42 katika kila 100, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ilibaki na mali iliyokuwa katika ardhi yake, na iliyokuwa na pungufu ya fungu lake ikalipwa fidia na zile zilizokuwa na ziada. Aliyekuwa na pungufu ni Uganda. Ilichukua karibu miaka 7 kupata namba hizo tatu.

Na wafanyakazi je? Mkataba uliagiza kwamba kila nchi iwalipe raia wake pensheni na haki zao zilizotokana na kazi ya Jumuiya. Karatasini jambo lilikuwa limekwisha. Kwa watu halikuwa limekwisha. Nchini Tanzania madai ya wazee waliotumikia Jumuiya yaliendelea mahakamani hata baada ya mwaka 2000, na wengine walifariki wakingoja. Tunaliandika hili kwa uzito, kwa maana ndiyo gharama halisi ya chama kuvunjika bila kanuni za kuagana. Wakubwa wanaweza kungoja miaka. Mzee wa reli aliyemaliza kazi na mjane wa karani hawawezi.

Hata hivyo si kila kitu kilipotea. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilidumu, kadhalika na chuo cha urubani cha Soroti, hapo jirani zetu. Tena mkataba ule wa kugawana uliwataka wahusika wazitafute njia za kushirikiana siku za mbele. Waliokubali kuhesabiana ndio walioweza kuungana tena.

CHAMA KILICHOANDIKA UKURASA WA KUTOKA

Tarehe 30 Novemba 1999 nchi zile tatu zilitia sahihi mkataba mpya huko Arusha, nao ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Baadaye waliingia Rwanda na Burundi mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Safari hii ukurasa wa kutoka uliandikwa mapema, wakati watu wangali wakicheka pamoja.

Kifungu cha 145 chasema kwamba nchi itakayo kutoka yapaswa kwanza kupata kibali cha Bunge lake, kwa kura zisizopungua theluthi mbili za wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Kisha itoe notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Ndani ya miezi hiyo yaweza kuifuta notisi yake na kubaki. Mpaka muda uishe itaendelea kutimiza wajibu wake wote, na hata baada ya kutoka itabaki na wajibu wa kumaliza yale iliyojifunga nayo ilipokuwa mwanachama. Na kifungu cha 149 chaongeza kwamba aliyetoka hana dai juu ya mali ya Jumuiya, na kwamba Jumuiya yaendelea na wale waliobaki.

Tazameni jinsi maneno hayo yalivyojibu makosa ya mwaka 1977. Kibali cha Bunge chazuia mtu mmoja kukivunja chama kwa hasira ya siku moja. Miezi 12 yatoa nafasi ya hasira kupoa. Wajibu unaoendelea wazuia mtu kukimbia deni. Na kanuni ya mali yazuia kila mmoja kushika behewa lililo karibu naye.

Mambo kama haya yametokea hata mbali. Uingereza ilipotaka kutoka katika Umoja wa Ulaya ilipeleka notisi tarehe 29 Machi 2017. Mkataba wao uliweka muda wa miaka 2, na muda huo ukaongezwa zaidi ya mara moja. Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Serikali yake ilikadiria malipo ya mwisho kuwa kati ya paundi bilioni 35 na 39, yaani fungu lake la ahadi zilizokuwa zimekwisha kutolewa kwa pamoja. Walibishana sana, lakini walibishana juu ya hesabu, wakiwa na notisi mkononi, na mpaka haukufungwa kwa miaka.

YANAYOTUHUSU SISI

Basi sisi wa chama kidogo tuchukue nini katika habari hizi kubwa? Twaleta mbele ya wazee na wanachama mashauri matano.

Kwanza, notisi iwe ya maandishi, yenye tarehe na sahihi, ipokewe na karani, na mwanachama apewe nakala. Siku hizi wako waagao kwa kujiondoa tu katika kundi la simu usiku wa manane, na asubuhi wenzao huulizana kama ni hasira au ni betri. Hiyo si notisi.

Pili, muda uwe miezi 3. Muda huo ni mfupi kuliko mwaka mmoja wa mataifa, nao wampa mweka hazina nafasi ya kupanga upya. Katika miezi hiyo mwanachama aendelee kulipa ada, nasi tuendelee kumhesabu kuwa wetu kwa ukamilifu. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la msiba. Akifiwa ndani ya notisi, asaidiwe kama mwanachama ye yote. Akifa yeye mwenyewe, mjane na watoto wake wapewe haki yote. Wale wasemao “aliyetoka ametoka” wakumbuke kwamba notisi hailindi chama peke yake. Yalinda pia nyumba ya anayeondoka, mpaka apate kivuli kingine.

Tatu, hesabu ifanywe kabla ya siku ya mwisho, mbele yake, daftari likiwa wazi. Akiba irudishwe. Mkopo ukatwe. Dhamana ipate mdhamini mwingine. Ada ya msiba isirudishwe, kwa sababu tuliyoieleza. Na kwa wale wanaopokezana fedha kwa zamu, aliyekwisha kupokea zamu yake asihesabiwe kuwa ametoka mpaka amewalipa wote waliomchangia. Kukopa harusi kulipa matanga, lakini matanga hayo yasiangukie wengine.

Nne, malipo ya mwisho yawe na siku yake, isiyozidi siku 60 baada ya notisi kwisha, na pande zote mbili zitie sahihi hati moja kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Haki icheleweshwayo huingia katika urithi, na watoto wasiojua chanzo cha deni hurithi uadui wake.

Tano, mlango wa kurudi usifungwe. Aliyeondoka kwa notisi na kumaliza hesabu yake, akitaka kurudi apokewe kwa heshima, kama nchi zile tatu zilivyorudiana baada ya miaka 22.

Tena, kuondoka kwa mmoja si sawa na kuvunjika kwa wote. Wazee wanakumbuka mwaka 1980, wakati vyama vya kikabila nchini Kenya vilipotakiwa kufungwa, Abaluhya Union kikiwa mmojawapo, na hata klabu ya mpira ya Abaluhya ikageuza jina na kuwa AFC Leopards. Kwa sababu vyama vyaweza kufikwa na siku kama ile, sheria ya vyama yataka kila katiba itaje jinsi chama kitakavyovunjwa na mali yake itakavyogawanywa. Katika chama chetu kifungu hicho nacho kisomwe upya pamoja na haya mengine, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako watakaosema kwamba kuandika kanuni za kutoka ni kuwafundisha watu kutoka. Sisi hatudhani hivyo. Mtu huingia kwa moyo mweupe zaidi katika nyumba ambayo mlango wake wa nyuma anaujua, kuliko katika ile anayodhani haina. Na kwa anayebaki, ni heri amsindikize mwenzake mpaka njiani, hesabu ikiwa imelipwa na mkono ukiwa umepeanwa, kuliko kumkwepa sokoni Busia kwa ajili ya shilingi mia tano ambazo hakuna aliyeziandika.

Mashauri haya yatasomwa katika matawi yote kabla ya mkutano mkuu ujao, na maoni ya kila tawi yaandikwe na kupelekwa kwa karani. Wazee ndio watakaoyapima kwa hekima yao, na wanachama ndio watakaoyakubali au kuyakataa kwa kura.